Kihispania cha dakika moja na kinywa cha Mswahili

Tafuta mtandaoni somo la kwanza la Kihispania, na haitachukua muda utakutana na "embarazada". Mwalimu mchangamfu anatazama kamera na kusimulia jinsi mwanafunzi alivyotaka kusema ameona aibu, akajikuta ametangaza kwamba ana mimba. Kicheko, muziki, video inayofuata. Kosa hilo ni la kweli na hulifanya wengi, lakini wengi hao ni wazungumzaji wa Kiingereza, kwa sababu neno hilo linafanana na lao la aibu. Mtu anayewaza kwa Kiswahili hana njia ya kulifikia. Yeye ana mitego yake: "leo" kwa Kihispania ni ninasoma, "baba" ni ute unaomtoka mtoto mdomoni, na "cama", linalotamkwa kama "kama" yetu, ni kitanda. Video ya mitego hiyo bado sijaiona.

Ubishi kuhusu kujifunza lugha kwa video fupi umegawanyika pande mbili zilizochoka. Upande mmoja unasema zinapoteza muda. Mwingine unaonyesha vijana waliopata salamu, namba na rangi bila kulipa ada. Kwangu mimi kesi haiko kwenye urefu wa video. Kuna mambo katika lugha ambayo yenyewe ni mafupi, na dakika moja inayatosha kabisa. Mengine ni marefu kwa asili yake, na hayawi mafupi kwa kukatwakatwa. Anayeanza Kihispania akiwa na Kiswahili kinywani ana bahati ambayo wengi hawajaambiwa: mengi ya yale mafupi anayo tayari. Bahati hiyo inampotea kwa sababu video nyingi anazokutana nazo zimetengenezwa kumtibu mtu mwingine.

Nani anajifunza? Waongoza watalii wa Arusha, Moshi na Unguja wanaotaka kuwapokea wageni wa Madrid na Barcelona kwa lugha yao. Wafanyakazi wa mapokezi hotelini. Wapenzi wa La Liga wanaotaka kuyasikia mahojiano ya Real Madrid bila kumsubiri mtafsiri. Wenzetu walioko Marekani, ambako Kihispania ndiyo lugha ya pili kwa wingi wa wasemaji na kinasikika kila siku jikoni mwa mikahawa, kwenye maghala na kwenye ujenzi. Ni lugha rasmi ya nchi 20, mojawapo ikiwa Guinea ya Ikweta hapa hapa Afrika, na katika Umoja wa Afrika ni lugha rasmi pamoja na Kiswahili. Wengi wa wanafunzi hawa hawana darasa la jioni karibu, na lililopo lina ada na nauli. Wana simu, bando la wiki, na dakika chache kabla ya zamu kuanza. Kuwaambia waache video fupi ni kuwaambia waache kusoma.

Kwa hiyo tuanze na kinywa. Kihispania kina vokali tano, a, e, i, o, u, na ni zile zile tano za Kiswahili. Kila moja ina sauti yake moja, iwe mwanzo wa neno au mwisho. Mzungumzaji wa Kiingereza inabidi afunzwe upya midomo: kwake o ya mwisho huvutwa kuelekea u, na a isiyo na mkazo hufifia mpaka hujui ilikuwa vokali gani. Ndiyo maana video zake huandika juu ya skrini OH-lah na GRAH-see-ahs. Mwanafunzi wetu anayasoma maandishi hayo kwa bidii, kwa Kiingereza chake cha shule, na kutoka na salamu iliyo mbali zaidi na Kihispania kuliko ambayo angeitoa kama angeachiwa herufi zenyewe. "Hola": h haitamkwi, kinachobaki ni "ola". Somo limekwisha, na bado kuna sekunde 50.

Mkazo nao ni hivyo hivyo. Neno la Kihispania linaloishia kwa vokali, n au s hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, pale pale Kiswahili kinapokaza karibu kila neno. "Ventana", "zapatos", "mañana": yasome kwa mdundo wa dirisha, viatu na kesho, ambazo ndizo maana zake, na mkazo utakaa mahali pake wenyewe. Yanayoishia kwa konsonanti nyingine hukazwa mwisho, kama "hotel" na "comer", kula. Neno likikiuka taratibu zote mbili huwekewa alama juu ya vokali ili usibahatishe, kama "café" na "teléfono".

Kwenye konsonanti ndipo pwani inapotajirika. Ile ñ inayoogopwa ni ny ya nyumba. J ni kh, ile ya "kheri" kwa anayeitamka kwa ukamilifu. "Jueves", Alhamisi, huanza na khw. Katika sehemu kubwa ya Hispania z ni th ya thelathini, na c inayotangulia e au i ni vivyo hivyo. D ikikaa kati ya vokali hulegea ikawa dh ya fedha: "nada", yaani hakuna kitu, husikika "nadha". G nayo hulegea ikawa gh ya ghali, ndiyo maana "amigo" ya Mhispania haigongi kooni kama yetu tunapoisoma kwa mara ya kwanza. Mwalimu anayewafundisha Waingereza huhitaji mchoro wa ulimi na koo kuieleza g hiyo, kwa kuwa lugha yao haina. Mtu wa Lamu au Pemba unamwambia "gh" na anakuelewa. Ni kweli kwamba wengi wetu wa bara husema "selasini" na "zahabu". Nao wana pa kuegemea: Amerika ya Kilatini hutamka z kama s, na "gracias", asante, ya Mexico ni "grasias" tu.

Zipo sauti zinazotutoa jasho, na hizo ndizo zinazostahili video. Kuna rr ya "perro", mbwa, inayotetemesha ulimi, tofauti na r moja ya "pero", lakini. Wale ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi r na l wana kazi ya ziada, maana "pelo" ni nywele. Kuna konsonanti za mwisho: ulimi wetu hupenda kumalizia kwa vokali, tukaigeuza "comer" kuwa "komeri" na Madrid kuwa "Madridi". Na kuna vokali zinazofuatana, kama katika "bueno". Tukiisoma kwa mazoea yetu tunapata bu-e-no, silabi tatu, wakati Mhispania ana mbili. Bw ya bwana tunayo tangu utotoni. Tunachohitaji ni mtu wa kutuambia tuitumie hapo: bwe-no.

Haya yote ni mafupi. Kila moja lina mwanzo na mwisho ndani ya dakika moja, linasikika, linaonekana mdomoni mwa mwalimu, na unaweza kulirudia mpaka ulimi ukubali ukiwa unasubiri daladala. Kitabu hakijawahi kuwa na sauti. Kwa kazi hii video fupi inakishinda, na inashinda hata darasa la watu 40 ambalo mwalimu hana muda wa kuusikiliza ulimi wa kila mtu.

Sarufi ya mwanzo nayo ina vipande vya namna hiyo. Video za Kiingereza hushangaa kwamba Kihispania hakilazimiki kutaja mimi, wewe, yeye. "Hablo", nasema, inatosha, na "yo", mimi, hukaa nje mpaka pawe na msisitizo. Sisi tunasema nasema, unasema, anasema, na "mimi nasema" tunaiweka tunapobishana. Tofauti ni kwamba alama ya mtenda kwetu iko mwanzoni na kwao iko mwishoni: "hablo", "hablas", "habla". "Te veo", nakuona, humtanguliza mtendewa kabla ya kitenzi kama ku yetu inavyoitangulia "ona". Katika "las casas blancas", nyumba nyeupe, wingi unapita kwenye kila neno, na mtu aliyezoea "vitabu vyangu vizuri vimepotea" hawezi kushtushwa na hilo.

Kitenzi kinachowasumbua wanaoanza kuliko vyote ni "gustar". "Me gusta el café", "me gustan los libros". Kwa Kiingereza huelezwa kuwa ni kitenzi kilichopinduliwa, na huzoeshwa kwa video nyingi zenye mishale na rangi. Kwa Kiswahili ni sentensi mbili: kahawa inanipendeza, vitabu vinanipendeza. Kinachopendeza ndicho mtenda, na kitenzi kinakifuata. Chetu kinafuata ngeli, chao kinafuata umoja na wingi. Hata zile "ser" na "estar" zilizowanyima watu usingizi zina pa kuanzia kwetu: ni mwalimu, "es profesor"; yuko nyumbani, "está en casa". Ulinganifu huu una mpaka wake, kwa sababu "estoy cansado" kwetu ni "nimechoka" na hakuna "niko" ndani yake. Lakini anayeanza na "ni" na "yuko" ameshapata nusu ya jambo bila kukariri orodha.

Sidai kwamba lugha hizi mbili ni ndugu. Ni za koo tofauti kabisa, na maneno machache yanayofanana yalipita mikononi mwa wengine: "azúcar" na sukari, "fulano" na fulani kwa njia ya Kiarabu, "mesa" na meza, "bandera" na bendera kwa kuwa Wareno, majirani wa Mhispania, walikaa pwani yetu. Ninachodai ni kwamba anayejifunza kupitia Kiingereza hubebeshwa matatizo ya Mwingereza, akahangaika kuyatatua, huku ya kwake yakimngoja bila kuguswa.

Sasa yale marefu, na hapa ndipo ninapowalaumu waliojenga mitandao hii kuliko walimu.

TikTok ilipounganishwa na Musical.ly mwaka 2018 na kuenea duniani, kisha Instagram ikaleta Reels mwaka 2020 na YouTube ikafuata na Shorts, haukubadilika urefu wa video peke yake. Alibadilika pia anayechagua somo linalofuata. Zamani mwanafunzi au mwalimu wake ndiye aliyefungua ukurasa wa pili. Sasa huchagua algorithimu, yaani kanuni za kompyuta za mtandao wenyewe, na moja ya mambo inayoyapima ni kama umetazama hadi mwisho. Salamu hutazamwa hadi mwisho. Rangi pia, na vichekesho vya mama mkwe. Wakati uliopita wa vitenzi hurukwa. Kwa hiyo mwalimu anayekula kwa kutazamwa hurudi kwenye salamu, na mwanafunzi wa mwezi wa sita anajikuta bado anapokea "buenos días" kutoka kwa mtu mpya kila jioni. Anahisi anaelewa kila kitu. Ni kweli anaelewa, kwa kuwa anapewa kile kile.

Na walimu hao hawatoki mahali pamoja. Mmoja wa Madrid anatumia "vosotros" kwa nyinyi na kutamka ile th. Wa Mexico anasema "ustedes". Wa Buenos Aires anatumia "vos" badala ya "tú", na "calle", barabara, kwake ina sauti ya sh katikati. "Coger" nchini Hispania ni kuchukua, hata kuchukua teksi. Ukilisema Mexico au Argentina umetamka tusi la kitandani. "Tortilla" ya Madrid ni mayai na viazi, ya Mexico ni mkate mwembamba wa mahindi. Tofauti hizi ni utajiri kwa aliyekwisha simama. Kwa anayeanza ni vurugu, na hakuna anayemfundisha mgeni Kiswahili kwa kumpa Kimvita leo, Kingwana kesho na Sheng keshokutwa. Mwongoza watalii anayetarajia wageni wa Hispania na achague mwalimu mmoja wa Hispania, amfuate huyo kwa miezi, na awanyamazishe wengine hata kama wanachekesha.

Kisha kuna kumbukumbu. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio yaliyofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Kundi moja lilisoma kifungu tena na tena. Jingine lilisoma kisha likajitahidi kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki mambo yaligeuka: waliojipima walikuwa wamebaki na mengi kuliko wenzao. Kuperuzi video ni kusoma tena na tena. Kila neno linakuja na picha, maandishi na maana yake kwa pamoja, kichwa hakiombwi kutoa chochote, na raha ya kulitambua neno inajifanya kuwa umelijua. Siku mgeni anaposimama mbele yako hakuna maandishi chini ya kidevu chake.

Dawa ya hili haihitaji programu ya kulipia. Hifadhi video moja. Itazame, kisha siku inayofuata isimamishe kabla mwalimu hajasema neno, ulitoe wewe kwa sauti, ndipo umwachie aendelee. Funika maandishi kwa kidole gumba. Rudi kwayo baada ya siku tatu, baada ya wiki. Kwa bando dogo hii ina faida nyingine: video iliyopakuliwa mara moja na kuchezwa wiki nzima haili MB, wakati kushuka na mtiririko kunamaliza kifurushi kabla ya Ijumaa.

Kuna pia kasi, ambayo video fupi za wanaoanza huificha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na mwanaisimu François Pellegrino na wenzake ulilinganisha lugha saba na kukuta Kihispania kinakwenda karibu silabi 8 kwa sekunde, Kiingereza karibu 6. Mwalimu wa kwenye simu husema "¿cómo estás?" polepole, kila silabi imeoshwa. Mgeni aliyeshuka Kilimanjaro hasemi hivyo. Sikio huzoea kasi kwa kusikiliza kwa muda mrefu mambo linayoyaelewa, na huo ni muda usiokatika vipande. Taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake kwa miaka mingi ilikadiria saa 600 hadi 750 za darasani ili mzungumzaji wa Kiingereza akimudu Kihispania kikazi. Kiswahili ilikipa saa 900. Anayeanza hahitaji kufika huko ili ampokee mgeni. Hata hivyo piga hesabu: dakika 20 kwa siku, bila kukosa, ni saa 120 na ushei kwa mwaka. Ukizitumia kwenye salamu zinazojirudia umeuchoma mwaka.

Hapa ndipo ningemhamisha mwanafunzi, baada ya mwezi mmoja au miwili ya sauti na vipande vya sarufi, kwenda kwenye video ndefu zenye maneno mepesi. Dreaming Spanish ya Pablo Román ni mfano mzuri: mwalimu anasimulia, anachora, anaonyesha kwa mikono, anatumia Kihispania pekee. Mtu wa Mwanza na mtu wa Manchester wanakaa mbele yake wakiwa sawa, kwa sababu Kiingereza hakimo. Msingi wake ni hoja ya mwanaisimu Stephen Krashen, aliyeshikilia tangu miaka ya 1980 kwamba lugha huingia kwa kuelewa ujumbe uliopanda kidogo tu juu ya kiwango chako. Ninaikubali hoja hiyo kwa sikio. Kwa ulimi namsikiliza zaidi mwanaisimu mwenzake Merrill Swain, ambaye mwaka 1985 aliandika kuhusu watoto wa Kanada waliosomeshwa kwa Kifaransa miaka mingi: walielewa vizuri sana, lakini walipozungumza sarufi yao iliyumba. Kusikia kulikuwa kumewafikisha mbali, na kutamka kulihitaji kutamka. Anayejifunza peke yake chumbani anaweza kuanza kwa kujirekodi kwenye simu na kujilinganisha na mwalimu, sauti kwa sauti. Inatia haya siku za kwanza. Inafanya kazi.

Kwa wenzangu mnaojua Kihispania na mna simu yenye kamera, ninayo haja ya wazi. Tengenezeni video hizi kwa Kiswahili. Msitafsiri zile za Kiingereza, maana mtahamisha na "embarazada" yake. Anzeni na kinywa chetu: vokali tano katika video moja, kisha bwe-no, kisha konsonanti za mwisho bila kuzibandika i, kisha kh, th, dh na gh kwa anayezijua na kwa asiyezijua. "Inanipendeza" ipate dakika yake, "nakuona" yake, "ni" na "yuko" zao. Zipeni namba, ya 1, ya 2, ya 3, ili anayeingilia katikati ajue pa kurudi, na katika kila moja acheni ukimya wa sekunde chache ambamo mwanafunzi anatakiwa kusema. Kwa rr wekeni tatu au nne, haitoki kwa moja. Na mkifika mwisho wa mfululizo, wekeni video moja isiyo fupi hata kidogo: mazungumzo ya dakika 10 kati ya mwongoza watalii wa Karatu na mgeni wa Sevilla, kwa kasi ya mgeni mwenyewe, bila maandishi yoyote chini.